Kiyoyozi cha Basi, na kwa Nini Wairimu Haji Kinangop

Ngoliba, Thika
Jumatano, saa saba mchana

Kwako Maitu, mama yangu,

Uko aje huko juu? Goti limepunguza kuuma sasa mvua imekatika? Viazi vimetoka vizuri, ama ni vile vya mwaka jana vya kuhesabu kwa vidole? Na yule ng'ombe, alishazaa au bado anakuzungusha? Sisi huku ni wazima, mimi na mjukuu wako. Neno hilo wazima ulisome mara mbili kabla hujaendelea.

Najua utauliza mbona naandika barua na simu iko. Maitu, kwenye simu huwa unanikata. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu unasema pesa za simu zinaisha, na ni mimi niliyepiga. Barua haikatwi. Nimeiweka ndani ya kifurushi pamoja na maembe na vile vitambaa vya meza ulivyotaka, na itakufikia kabla ya Jumapili, siku uliyosema unakuja kumchukua Wairimu akakae kwako mpaka aingie shule.

Jibu langu ni hapana. Nimelitanguliza ili usisome kurasa zote ukilitafuta. Sasa vaa miwani, nikueleze.

Kwanza nianze na jina, kwa sababu ndilo unalonipigia nalo. Nilipojifungua, upande wa baba hawakuja, na ule upande ndio hupewa jina la binti wa kwanza. Nikakupa wewe, akawa Wairimu kama wewe. Nilikupa kwa roho safi, na ningekupa tena. Tangu siku hiyo mtoto unamwita "mimi". Unapiga simu unauliza, "Mimi nimekula? Mimi nimeota jino?" Nilikuwa nacheka. Lakini siku ile uliposema, "Huyo ni mimi, na mimi siwezi kuchomwa ndani ya bati kama hindi," sikucheka. Maitu, ana jina lako, na ninashukuru. Lakini tumbo lilikuwa langu, na usiku zile zote za meno zilikuwa zangu.

Ninajua nani alikuletea habari. Shangazi, Tata Muthoni, alikuja kututembelea humu ndani ya basi tunamoishi wiki ile mbaya, na sikatai alichokiona. Joto lilikuwa limekaa juu yetu kama sufuria imefunikwa. Wairimu alikuwa na vipele shingo yote mpaka mgongoni, hataki ziwa, hataki uji, amelegea tu begani. Tata alisimama mlangoni, akashika fremu ya mlango, akautoa mkono haraka. Akasema, "Njeri, hapa ni nyumbani ama ni jiko?" Halafu akaniuliza basi langu linaenda wapi na kama wameshajaza. Nilikuwa nimechoka lakini nilimjibu: "Tata, hili ndilo basi pekee Kenya ambalo halijawahi kuongeza nauli." Alicheka, akanywa chai, akaenda moja kwa moja kukupigia.

Kitu ambacho hakukuambia, kwa sababu hakukuwapo, ni kliniki. Nilimpeleka mtoto asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimemvalisha vile ulivyonifundisha: vesti ya sufu, sweta ile ya kijani uliyofuma, soksi, kofia ya masikio, na blanketi juu. Nesi, mama mmoja Mkamba mwenye sauti kubwa, alinitazama mpaka nikaona haya.

"Mama, huyu umemleta kliniki ama umemtuma kwa posta?"

"Nilihofia upepo."

"Upepo gani? Upepo wa wapi? Umetoka wapi wewe?"

"Kinangop."

"Nilijua!" Akaita mwenzake. "Njoo uone mwingine wa Kinangop!" Akaanza kumvua mtoto nguo moja baada ya nyingine kama anamenya kitunguu, na kila akitoa moja foleni yote inacheka. Alipofika kwenye vesti ya sufu hakucheka tena. Alisema hivi vipele ni vya joto, na kulegea ni kiu. Akanipa maji ya chumvi na sukari nimnyweshe kwa kijiko, nikae pale kwenye benchi mpaka akojoe. Alikojoa saa tano. Sijawahi kufurahia nguo kulowa namna hiyo.

Sikuandikii ili nikulaumu kwa sweta. Huko kwetu Kinangop kwenye baridi, mtoto bila kofia ni mtoto bila mama. Nakuandikia ujue kwamba sisi wawili tulikuwa tunamlea mtoto wa Ngoliba kwa hali ya hewa ya Njabini kwetu. Hilo ni kosa, na kosa hurekebishwa. Mtoto hanyang'anywi mama yake kwa sababu ya sweta.

Lakini nguo ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa basi lenyewe. Kule Murera, lilipokuwa kabla wenye shamba hawajalikata ploti, lilikuwa na joto la kuvumilika. Nilipolihamishia huku, kwa shamba la Mama Mutheu, mjane anayelima nyanya na aliyenikaribisha bila maneno mengi, nikaona cha mtema kuni. Na kazi yangu ni ya mchana, Maitu. Vile viti vya magari vya yule tajiri mwenye karakana Ruiru nashona humu humu ndani, mtoto akiwa pembeni, halafu napeleka mara mbili kwa wiki. Siwezi kukaa chini ya mti na cherehani ya kushona ngozi.

Basi nikaamua kununua AC. Kwenye redio wanaiita kiyoyozi. Ni mashine ya kutoa baridi. Ndiyo, tulia, nakuona vile umeshika kifua. Mtoto wa Kinangop kununua baridi! Wewe unafunga mlango isiingie, mimi naenda dukani kuitafuta. Cheka umalize.

Nilianzia Ruiru, siku ya kupeleka viti. Kijana wa duka alikuwa amevaa tai fupi na maneno marefu.

"Niaje mathe. Ni ya sitting room ama ya bedroom?"

"Ni ya basi."

Akanitazama. "Ya kubeba watu?"

"Ya kulala watu. Mimi na mtoto, Ngoliba."

"Wawili? Sawa. Chukua hii kubwa kabisa. Hii ukiwasha, mtoto anaanza kuongea lugha ya penguini. Yaani utasahau uko Ngoliba."

Alinionyesha pia ndogo ya magurudumu, ya kusukuma kama pipa la takataka, ina bomba nene la kutoa hewa moto dirishani. Hiyo ilinivutia kwa sababu haihitaji kutoboa. Nikaweka mkono kwenye bomba, likawa la moto kama chupa ya uji. Nikamwuliza, "Na hili bomba likipita ndani ya nyumba yangu ndogo, si nitakuwa nimeleta jiko lingine?" Akasema nikae mbali nalo. Kwenye basi, Maitu, mbali ni wapi? Ukinyoosha mkono umegusa ukuta wa pili.

Nilikaribia kuchukua ile kubwa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hununua kikubwa. Nilitaka Tata Muthoni arudi atetemeke. Lakini yule kijana hakuniuliza hata swali moja kuhusu basi. Nikajiambia, hata fundi wa viti hupima kiti kwanza. Nikatoka.

Thika kuna duka la friji la mama mmoja Mhindi anaitwa Bi Kanta, mzee, nywele nyeupe, miwani kwa kamba. Mama Mutheu ndiye aliyenielekeza. Nilipoingia nikaanza na Kiswahili changu cha adabu. Akanisikiliza, akanisikia ninavyochanganya ra na la, akanijibu kwa Kikuyu safi kuliko cha mchungaji wetu. Alizaliwa hapo hapo Thika. Nilisahau nilichokuwa nasema.

Nikamwambia nataka ile kubwa. Akasema, "Kubwa nitakuuzia ukitaka kuwa mjinga. Basi lina urefu gani? Vioo vingapi? Mchana unakaa upande gani? Umeme unatoa wapi?" Nikamjibu yote: natumia sola, paneli mbili za cherehani na taa. Akaandika, akapiga hesabu, akakunja uso.

"Una picha ya paa?"

Nilikuwa nayo, nimepiga siku ya kuhama. Akaisogeza karibu na pua, akaitazama muda mrefu.

"Hili paa ni jeusi kwa nini?"

"Ni lami. Lilikuwa linavuja."

"Ulipaka lami pale panapovuja?"

"Nilipaka lote."

Akavua miwani. "Binti, unatoka baridi, si ndiyo? Watu wa kule juu mkiona tone moja, mnapaka lami paa zima. Huko ni sawa, jua lenyewe ni la kuomba. Hapa umejipikia mtoto."

Maitu, nilikaa kwenye friji iliyolala pale sakafuni. Unakumbuka nani aliniambia nipake? Nilikupigia nikiwa Murera, maji yananidondokea kitandani, ukasema, "Paka lami paa lote, ulale kama malkia." Nami nikapaka makopo matatu kwa mikono hii, mtoto mgongoni, nikijisifu. Nilitaka kukasirika na wewe pale dukani na sikuweza. Ungekuwa ni wewe ungefanya vivyo hivyo, na mama yako pia. Lami ndiyo tuliyokuwa nayo.

Bi Kanta alikataa kuniuzia mashine siku ile. Alisema, "Ukiweka AC chini ya paa hilo, sola yako itakufa kabla ya adhuhuri na utarudi kunitukana. Nenda upake nyeupe. Ukishamaliza ujaze dari kitu. Weka kivuli juu. Halafu urudi tuone ile ndogo." Nikamwuliza ni muuzaji wa namna gani anayefukuza mteja. Akasema, "Wa kukaa Thika miaka mingi."

Nikarudi nikiwa nimevimba. Lakini nilifanya. Nilikwaruza lami asubuhi mapema kabla ya jua kuilainisha, Mama Mutheu akishika ngazi na mtoto akiwa kwa beseni lake la maji chini ya mwembe wa shamba. Nikapaka nyeupe mara tatu. Juu yake nikafunga neti ya miche, ile nyeusi ya kivuli, nikaiinua kwa vyuma upepo upite katikati. Mama Mutheu alinipa ile iliyobaki kwa kitalu chake, akasema, "Nyanya zangu zinalala vizuri kuliko wewe, haiwezekani."

Dari ndilo nililolifanya kwa raha. Si ndiyo kazi yangu? Nilichukua vipande vya sponji na ngozi za viti vinavyobaki karakana, nikashona dari lote kwa mishono ya almasi kama gari la harusi. Kuna kipande chekundu, kuna cha zambarau, kuna kimoja kina nusu ya jina la timu ya mpira. Ukilala chali unaweza kusafiri nchi nzima kwa macho. Yule tajiri wa Ruiru alipoona picha alisema nimewapita wanaume wake, na hakusema kwa utani.

Niliporudi kwa Bi Kanta alitaka picha nyingine. Akaangalia paa, akaangalia dari, akasema tu, "Sasa tuongee." Alinieleza aina moja baada ya nyingine. Ile ya dirishani inatetemesha bati na mtoto hatalala. Ile inayotengenezwa hasa kwa magari hukaa juu ya paa, lakini lazima ukate tundu, na tundu la paa ndilo lililonianzishia taabu zote. Tukachagua ndogo kabisa ya maboksi mawili: moja jembamba ndani juu ya kitanda, lingine nje nyuma ya basi, pale lilipokuwa gurudumu la akiba. Uzuri wake haiwaki kwa kishindo. Inaanza polepole, na ikishapoza inajipunguza yenyewe. Tukaongeza paneli mbili zikawa nne. Na kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: jua linalotuchoma ndilo hilo linaloiendesha. Likiwaka sana, nayo inapata nguvu sana. Bei sitaandika hapa kwa sababu utatafuta kiti. Ni jasho langu, sikumwomba mtu.

Halafu nikatundika pazia zito katikati ya basi. Sipozi basi lote, napoza nusu ya nyuma, tunapolala na ninaposhona. Huko mbele kwa jiko na usukani, jua na lifanye litakalo.

Sitakudanganya kwamba mambo ni asali. Siku ya kwanza niliwasha AC, cherehani na pasi ya umeme kwa pamoja, kila kitu kikazima puu, na mtoto akapiga makofi akifikiri ni mchezo. Sasa napiga pasi ya makaa, nje. Mawingu yakikaa sana naizima na tunahamia kivulini. Na inatoa maji, Maitu, kwa kijibomba nyuma, karibu nusu ndoo kwa siku, na kuku wa Mama Mutheu wamehamia hapo kabisa. Mimi pia nimechoka. Mgongo unaniuma, kucha zina lami bado, na kuna siku nakula nikiwa nimesimama. Lakini uchovu si ugonjwa, na wala si sababu ya mtu kumwachia mtoto wake mwingine.

Sasa hivi ninavyokuandikia ni saa saba, saa ile Tata Muthoni alishika mlango akaruka. Wairimu amelala. Amevaa nepi na fulana moja. Shingo yake ni safi, vipele vimebaki alama tu za kufifia. Anakoroma kidogo kama Baba alivyokuwa akikoroma kanisani. Nimeweka kipimo cha joto alichonipa nesi juu ya mto, na nimekiangalia mara nne tangu nianze ukurasa huu. Siombi cheti, lakini ukitaka kuuliza mtu, muulize nesi. Atakuambia kwa sauti mpaka majirani wako wasikie.

Unasema watu wa kanisa wanauliza kwa nini mjukuu wako analelewa ndani ya gari bovu. Waambie halijaharibika, limetulia. Waambie nilikaa mtaa wa Kahawa Sukari, chumba cha mawe, na mwenye nyumba akanifukuza kwa sababu cherehani inasumbua wanafunzi wapangaji na mtoto analia. Humu hakuna anayegonga ukuta. Waambie pia kwamba wewe mwenyewe ulitulea wanne kwenye nyumba ya mabanzi, upepo unapita kama mgeni wa kudumu, na Cucu, bibi yetu, alipokuja kutaka kumchukua kaka yangu mkubwa kwa sababu ya kifua, ulisimama mlangoni na jembe. Ni wewe uliyenisimulia, ukicheka. Mimi sina jembe. Nina barua.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na umwambie asikukodishie gari la kubeba kitanda cha mtoto, kitarudi kitupu. Salamu kwa mke wake, na watoto wao niwaone likizo, basi linatosha. Salamu kwa Tata Muthoni, namkaribisha tena, safari hii ashike mlango bila woga. Msalimie mchungaji na wale akina mama wa kwaya, hata yule anayeuliza sana.

Maitu, Jumapili njoo. Sikukatazi kuja, nakukatalia tu kubeba. Kitanda changu ni chako, mimi nitalala kwenye viti viwili vya basi nilivyobakisha. Utampakata mchana kutwa, utamlisha, utamwita jina lolote unalotaka. Siku ya kurudi, nitambeba tukusindikize mpaka barabarani, kama inavyofaa. Gari likifika, atakupungia mkono, ameanza kujua. Halafu utapanda peke yako, na mimi na mwanangu tutageuka turudi nyumbani.

Binti yako anayekupenda na asiyebadilisha neno,

Njeri, mama Wairimu